Diski ya Nje Inapokwenda Polepole: Kufundisha Utafutaji wa Kasoro kwa Njia ya Kupima

Wakufunzi wengi wanaofundisha matumizi ya kompyuta katika vyuo vya ualimu wamekwisha kukutana na jambo hili. Chuo hununua diski ya nje ya aina ya SSD, ambayo boksi lake limeandikwa kwamba huweza kupokea megabaiti 1,000 kwa sekunde. Diski huunganishwa kwenye kompyuta, kazi ya kunakili huanza, na mara mwendo huonekana kuwa megabaiti 35 tu, au pengine hushuka hata kufikia 5. Hapo hukumu hutolewa bila kesi kusikilizwa: diski ni mbovu, au ni ya bandia, au kompyuta imezeeka. Mmoja huifomati upya na kupoteza vilivyokuwamo. Mwingine huomba fedha za kununua nyingine. Wa tatu huivumilia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kasoro hii, ambayo kwa kawaida huonwa kuwa adha tu, ni somo zuri mno la kumfunza mwanachuo namna ya kutafuta chanzo cha tatizo, na kwamba chanzo chenyewe aghalabu kimekaa mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Hapa Morogoro jambo hili lina uzito wake. Wanachuo waendao kufanya mazoezi ya kufundisha huweza kupangiwa shule zilizo mbali na mji, juu katika milima ya Uluguru: upande wa Kinole na Matombo mashariki, au upande wa Mgeta magharibi. Huko mlimani upatikanaji wa intaneti hutegemea sana shule imekaa upande gani wa kilima, na vifurushi vya data si bei ya mwanachuo. Kwa hiyo masomo ya video, vitabu na picha za kufundishia hunakiliwa mjini na kupandishwa mlimani ndani ya diski. Gari la kwenda mlimani halimngoji mtu, na umeme nao hauna ahadi. Tukichukua mkusanyo wa masomo wenye gigabaiti 60, hesabu yake ni hii: kwa mwendo wa megabaiti 400 kwa sekunde kazi humalizika kwa dakika mbili na nusu, kwa megabaiti 35 huchukua karibu nusu saa, na kwa megabaiti 5 huchukua saa tatu na dakika 20. Mwanachuo aliyekatiwa kazi katikati huondoka na faili zisizofunguka, na hugundua hivyo akiwa mbele ya watoto.

Kabla ya kutafuta kasoro, hatuna budi kuelewa kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Diski za zamani zilikuwa na sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna chipu za kumbukumbu zenye seli ndogo mno zinazohifadhi chaji ya umeme, na mna chipu nyingine, ambayo tutaiita kidhibiti, inayoamua kila kipande cha data kiwekwe katika seli zipi. Katika diski ya nje huongezwa kazi ya kutafsiri baina ya lugha ya diski na lugha ya tundu la USB. Kisha ipo kebo, lipo tundu lenyewe, ipo kompyuta, na mwisho ipo diski ya kompyuta ambamo faili zinatoka. Data hupita katika vyote hivi, kimoja baada ya kingine.

Tumeona kwamba mfano unaoeleweka upesi zaidi na wanachuo wa mkoa huu ni ule wa maji ya mserereko. Kijiji cha mlimani huteka maji katika chanzo kilicho juu, maji huteremka kwa uzito wake yenyewe katika mabomba, hupita katika tangi, na hufika kwenye koki bila pampu yoyote. Ikiwa bomba kuu lina inchi mbili lakini mahali pamoja limeungwa kwa kipande cha nusu inchi, koki haitatoa zaidi ya kile kipitacho katika nusu inchi ile, hata chanzo kiwe kikubwa kama Mto Ruvu. Mwenye kubadili koki kila wiki hajakosea kwa kuwa mvivu. Amekosea kwa kuwa ameshughulikia mahali anapopaona. Mwambieni mwanachuo achore mfereji wote wa data kuanzia faili inapotoka mpaka inapofika, na aandike kando ya kila sehemu uwezo wake. Mchoro huo ndio nusu ya somo.

Uwezo wa sehemu hizo unajulikana. USB 2.0, iliyotangazwa mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Hapa wanachuo wengi hujikwaa, maana biti si baiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 480 ni megabaiti 60, na baada ya kutoa sehemu inayotumika kwa mawasiliano ya vyombo vyenyewe hubaki megabaiti 30 hadi 40 hivi. USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, hupitisha gigabiti 5 kwa sekunde, yaani kwa matumizi halisi megabaiti 400 na zaidi kidogo. Namna zilizofuata hufikia gigabiti 10 na hata 20, na ni hizo ndizo zinazoandikwa kwenye maboksi. Diski ya kuzunguka iliyomo katika kompyuta ndogo ya zamani husoma kiasi cha megabaiti 80 hadi 120 kwa sekunde. Kwa hiyo mwenye kunakili kutoka katika kompyuta ya namna hiyo asitazamie 1,000 kamwe, hata angenunua diski ya nje iliyo ghali kuliko zote mjini. Tarakimu ya kwenye boksi ni ya diski iliyo mahali pazuri kuliko pote. Haisemi lolote kuhusu kompyuta ya mnunuzi.

Mwanachuo akishakuwa na tarakimu hizi kichwani, mwendo anaouona huanza kumwambia jambo. Mwendo unaoganda karibu na megabaiti 35, bila kupanda wala kushuka, ni alama ya wazi ya USB 2.0 mahali fulani njiani. Mwendo unaoanza kwa 400 na baada ya dakika moja ukaanguka ni kisa kingine. Mwendo unaoyumbayumba baina ya 2 na 8 ni kisa cha tatu. Twapenda kusisitiza jambo hili, kwa sababu walimu wengi husema tu kwamba diski “inakwenda polepole”, kana kwamba polepole ni ugonjwa mmoja. Mganga asiyeuliza homa inapanda saa ngapi hawezi kujua anatibu nini.

Sasa tueleze namna somo lenyewe tulivyoliendesha, kwa kuwa njia ni muhimu kuliko jibu.

Darasa liligawanywa katika vikundi vya watu wanne, na kila kikundi kilipewa diski moja, kebo mbili zisizo na alama, na kompyuta ya mezani. Mkufunzi hakugusa kipanya. Hili si dogo. Sote tunajua jinsi ilivyo rahisi, mwanafunzi anapokwama, kumsogeza kando, kubofya mara tatu na kusema “umeona?” Hakuona. Kila kikundi kilitakiwa kwanza kuandika katika daftari kinatazamia mwendo gani na kwa sababu gani, ndipo kipime. Kipimo kilikuwa faili moja kubwa ya video, ileile kwa majaribio yote, yenye gigabaiti 3. Sharti lilikuwa moja tu: kubadili kitu kimoja kwa kila jaribio, na kuandika matokeo kabla ya kugusa kingine.

Sharti hilo ndilo lililoleta ubishi mkubwa. Kikundi kimoja kilitaka kubadili kebo, tundu na kompyuta kwa pamoja ili kumaliza upesi. Tuliwaruhusu. Mwendo ulipanda kutoka 34 hadi 390, wakashangilia; lakini walipoulizwa ni kipi katika vitatu kilichoponya, hawakuwa na jibu, na ikawabidi warudi nyuma hatua moja moja. Walikuta kwamba ilikuwa kebo. Ilikuwa kebo nzuri ya kuonekana, nene, yenye vichwa vya USB-C pande zote mbili, iliyokuja pamoja na chaja ya simu. Kebo nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya kupitisha umeme wa kuchaji, na kwa upande wa data zina nyaya za USB 2.0 tu. Kichwa kinaingia vema, taa inawaka, diski inaonekana, na hakuna anayeshuku.

Zingatieni kwamba katika vichwa vya zamani, vile vipana vya mstatili, macho yanaweza kusaidia: kile cha USB 2.0 kina vipande vinne vya shaba ndani yake, na cha USB 3.0 kina tisa. Rangi ya buluu ndani ya tundu nayo ni alama ya kawaida ya USB 3.0, ingawa si sheria, kwani watengenezaji wengine hutumia rangi wazipendazo. Lakini kwa USB-C macho hayatoshi. Kipimo pekee ndicho kinachosema kweli. Kompyuta zenye Linux hujibu swali hili kwa amri ya lsusb -t, ambayo huonyesha 480M au 5000M kando ya kila chombo. Katika Windows, wakati mwingine hutokea tangazo dogo pembeni likisema kwamba chombo kinaweza kwenda kwa kasi zaidi kikiunganishwa kwenye tundu jingine. Wanachuo hulifunga tangazo hilo bila kulisoma, kama wafungavyo matangazo yote.

Tundu nalo lina visa vyake. Katika kompyuta za mezani, matundu ya mbele huunganishwa na ubao mkuu kwa nyaya za ndani, na mara nyingine ni ya USB 2.0 hali yale ya nyuma ni ya 3.0. Kigawanya tundu cha bei ndogo, ambacho hushirikisha kipanya, kibodi na diski katika tundu moja, hupunguza mwendo na umeme pia. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500 na la 3.0 hutoa 900. Diski inayokosa umeme wa kutosha hujikata na kujiunga tena, na mtazamaji hudhani inasitasita. Shuleni, mahali ambapo kompyuta ndogo inategemea betri na paneli ya jua, hali hii huonekana zaidi, kwa kuwa kompyuta yenyewe imewekwa katika hali ya kubana umeme.

Kikundi kingine kilikuwa na kebo nzuri na tundu zuri, na bado kiliona ajabu. Faili ya gigabaiti 3 ilikwenda kwa 400, lakini mkusanyo mzima wa gigabaiti 60 ulianza kwa 400 na, baada ya muda, ukaanguka hadi 70. Hapa tulirejea kwenye maji ya mserereko. Seli za diski za bei nafuu huhifadhi biti tatu au nne kila moja, na kuandika kwa namna hiyo ni kazi ya taratibu. Ili kuficha utaratibu huo, kidhibiti hutenga sehemu ya seli na kuziandikia biti moja tu kila moja, kwa haraka sana, kama simtanki linalopokea maji yote yanayokuja kwa kasi. Simtanki likijaa, maji hayana budi kwenda kwa kasi ya bomba lililo nyuma yake. Diski ikiachwa kwa muda ikiwa bado imeunganishwa na umeme, kidhibiti huhamisha data kutoka katika akiba ile na kuipanga vema, na kasi hurudi. Kwa hiyo kikundi kilishauriwa kunakili kwa mafungu na kupumzisha diski katikati. Si dawa, ni kuijua tabia ya chombo. Aliyenunua diski ya namna hii hakuibiwa, ila alisoma tarakimu ya simtanki akadhani ni ya chanzo.

Akiba hii hupungua kadiri diski inavyojaa. Kwa sababu hiyo ni vizuri kuacha sehemu ya kumi hadi ya tano ya diski ikiwa tupu. Aidha, seli iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena mpaka ifutwe kwanza, na diski haijui ni faili zipi zimefutwa na mtumiaji mpaka kompyuta iiarifu kwa taarifa iitwayo TRIM. Windows hutuma taarifa hiyo kwa kazi yake ya kuboresha diski, ingawa si kila kasha la diski ya nje huiruhusu kupita. Ile desturi ya zamani ya kupanga upya vipande vya faili, iliyofaa kwa diski za kuzunguka, isifanywe kwa SSD. Haiongezi kasi ya maana na huchakaza seli.

Kisa cha tatu, cha mwendo wa 2 hadi 8, kilitokana na folda ya picha za mimea na kurasa za mazoezi, maelfu ya faili ndogo ndogo. Kwa kila faili, hata iwe na herufi kumi tu, kompyuta huandika jina, tarehe na mahali ilipo, kisha programu ya kinga ya virusi huifungua kuikagua. Mwanachuo mmoja alieleza vizuri kuliko sisi: kuhamisha gunia la mahindi ni safari moja, lakini kuhamisha punje moja moja ni safari zisizohesabika. Folda ile ilipofungwa kuwa faili moja ya zip, ilinakiliwa kwa sekunde chache. Hatukuizima kinga ya virusi, wala hatushauri hivyo katika vyuo, ambako diski moja hupita katika mikono mingi.

Mfumo wa faili nao wahitaji neno. FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, na wengi wanaolalamikia diski wamegonga ukuta huo tu. Kwa diski itakayotumiwa na kompyuta za aina mbalimbali, exFAT inafaa. Kubadili mfumo hufuta kila kitu. Nakala itangulie, na ithibitishwe kwamba inafunguka, ndipo mtu afomati. Ipo pia njia katika Windows ya kuruhusu kompyuta ishike data kwa muda kabla ya kuiandika, ili kuongeza kasi. Mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga, sisi hatuipendi. Kasi kidogo iliyopatikana hailingani na faili za darasa zima zilizopotea.

Kuhusu joto, vidhibiti hupunguza kasi vyenyewe vinapopata moto sana, aghalabu vikikaribia nyuzi 70 za Selsiasi. Diski isiwekwe chini ya daftari wala dirishani kwenye jua la Januari. Kasha la chuma huwa moto kwa mguso kwa sababu linatoa joto nje, na hilo ni jema. Tumesikia ikisemwa kwamba Mgeta, ambako baridi hustawisha kabichi na njegere, diski hukimbia zaidi kuliko mjini. Hilo laweza kupimwa, na anayepangiwa huko na apime. Lakini atumie kebo ileile.

Bandia zipo. Diski yenye kudai terabaiti 16 kwa bei ya viatu vya kawaida mara nyingi ina kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha tupu, na kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake. Huipokea data na kuitupa. Programu za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza diski yote kisha husoma tena kilichoandikwa, na hapo uongo hudhihirika. Kipimo hiki kifanywe diski ikiwa mpya na tupu, kabla ya risiti kupotea.

Mkufunzi atauliza: kwa nini mzunguko wote huu, wakati tungeweza kuandika ubaoni “badilini kebo” na kuendelea? Jibu letu ni kwamba kebo ilikuwa jibu la kikundi kimoja tu. Watu wa Uluguru wana kumbukumbu ya maagizo ya namna moja. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mahali pengi uchimbaji ulifukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, na mwaka 1955 wananchi wakayakataa kwa nguvu. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli. Lakini dawa ililetwa kabla ya udongo wa kila mahali kutazamwa. Nayo Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilimtaka mwanafunzi awe na moyo wa kudadisi. Moyo huo hauna mahali pa kukaa katika darasa ambalo majibu yamekwisha kuandikwa.

Kwa upande wa tathmini, tulisahihisha madaftari, si kasi. Kikundi kilichofikia 390 bila kujua sababu kilipata alama pungufu kuliko kile kilichobaki na 70 lakini kikaeleza kwa nini, na kikaonyesha majaribio yake kwa mpangilio. Malalamiko yalikuwapo, na tuliyajibu kwa kuwapa kikundi cha kwanza diski nyingine yenye kasoro tofauti.

Mwalimu asiye na maabara anaweza kuliendesha somo hili kwa kompyuta moja na diski moja, wanafunzi wakipokezana. Dirisha la Windows linalofunguliwa kwa Ctrl, Shift na Esc huonyesha mwendo wa kila diski kwa wakati uleule, ile inayotoa na ile inayopokea, na ile iliyofikia asilimia mia moja ya shughuli zake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Saa ya ukutani na hesabu ya kugawanya hutosha pale dirisha hilo lisipopatikana.

Kabla ya wanachuo kupanda mlimani, kila diski hufungwa pamoja na kebo yake iliyopimwa, kwa mpira, na kebo hufungwa kitambaa chekundu karibu na kichwa. Ndani ya diski huwekwa faili fupi ya maandishi yenye tarehe ya kipimo, mwendo uliopatikana, na kompyuta iliyotumika, ili atakayeona polepole huko Matombo awe na cha kulinganisha. Kebo zilizoshindwa kipimo hazitupwi. Hurudishwa kwenye chaja zake.